Mlango wa Kijani wa Mama Mbelu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa avenyu yetu ya mjini Kolwezi, wapangaji na wenye nyumba, waliopo na watakaozaliwa, kwamba siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, kijana Shafii mwana wa Kasimu, mwanafunzi wa shule ya kulala aliyekuwa likizoni, mwenye umri wa miaka kumi na sita, alisimama mbele ya familia yake na kujitolea, bila kulazimishwa na mtu yeyote, kutengeneza mlango ambao hakuuvunja.

Alisimama akiwa amevaa ndala mbili zisizofanana, moja yake na moja ya mama yake, na mdomo ulikuwa umejaa mkate. Mama yake, Asia, hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa amechuchumaa kati ya maboksi akifunga sahani kwa magazeti, maana familia ilikuwa inahama Jumamosi.

“Weye?” alisema. “Weye njo utatengeneza mulango? Kitanda chako tu kinakushinda kutandika.”

“Mama, ku interna, kule shuleni, tulifundishwa kwamba mwenye nguvu anamusaidia mwenye kukosa.”

“Mwenye kukosa ni nani?” iliuliza sauti ya Aicha, dada yake, kutoka chumbani. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini sauti ilitoka vizuri kabisa. Ilipitia kwenye tundu.

Tundu lenyewe lilikuwa kimo cha kifua, pana kama sahani ya wali. Habari zake ni fupi. Jumatatu alasiri Aicha, msichana wa miaka kumi na tisa, alibishana na mama yake juu ya viatu vya harusi, akaingia chumbani kwake na kuubamiza mlango kwa hasira. Kipande cha mbao kikadondoka sebuleni, mbele ya mama, mbele ya baba aliyekuwa anakunywa chai, na mbele ya Shafii, aliyekuwa amesimama pale karibu bila shughuli maalumu. Mashahidi watatu. Hakuna la kuongeza.

Baba, Kasimu, alikuwa msafirishaji. Fuso yake ilileta unga na vitunguu kutoka Lubumbashi, na watu walimjua kama mtu asemaye jambo mara moja tu. Miaka tisa iliyopita, alipofika Kolwezi na mke, watoto wawili na godoro moja, wenye nyumba watatu walimwambia kwamba hawapangishi watu wa malori, leo wapo kesho hawapo. Wa nne alikuwa mama Mbelu, mjane mwembamba mwenye rozari shingoni. Yeye hakuomba karatasi. Alimtembeza nyumba nzima, akagonga kila mlango kwa kifundo cha kidole, moja, mbili, tatu, nne, kisha akasema kwa heshima, “Tata Kasimu, utanirudishia namna niko nakupa.” Kasimu akajibu, “Namna unanipa.” Wakapeana mikono. Kwa miaka tisa huo ndio uliokuwa mkataba.

Kwa hiyo baba alipoliona tundu hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akalitazama, akamwita binti yake.

“Aicha. Mama Mbelu atakuya Jumamosi asubuhi kupokea nyumba yake. Basi ya Likasi inatoka saa sita. Kama mulango ni muzima, utapanda. Kama mulango iko na tundu, utabakia hapa umueleze weye mwenyewe. Harusi batafanya bila weye.”

Harusi ilikuwa ya Malaika, binti wa mama mdogo wa Likasi. Alikuwa amelala kitanda kimoja na Aicha tangu wote wawili wana meno ya maziwa, na alikuwa amemchagua Aicha, wala si mwingine, amshike mkono kutoka chumbani mpaka mbele ya watu. Nguo ilikwisha shonwa. Ilikuwa imetundikwa ukutani ndani ya mfuko wa plastiki, ikingoja. Aicha alilia mpaka magharibi, na Shafii alimsikia vizuri sana, kwa sababu ya tundu.

Ndipo moyo wake wa kiungwana ulipoamka, kama ilivyotangazwa hapo juu.

Sasa, mlango. Nyumba ya mama Mbelu ilijengwa na kampuni ya zamani ya madini kwa ajili ya makarani wake, na milango ya ndani ilikuwa ya tripleksi: mbao mbili nyembamba kama biskuti, zimebandikwa pande mbili za kiunzi, katikati hewa tupu. Fundi yeyote angeanza kwa kuung'oa na kuulaza chini. Shafii alijaribu. Bawaba zilikuwa zimepakwa rangi juu ya rangi kwa miaka arobaini, na vichwa vya skrubu vilikuwa vimelika mpaka bisibisi ikateleza kama samaki. Ikabidi mlango utibiwe ukiwa umesimama.

Alikwenda kwa seremala wa karibu na soko, akaomba kipande cha tripleksi, gundi nyeupe kidogo, msasa, na gunia la unga wa mbao. Seremala akamwuliza ni kazi gani inayohitaji gunia zima.

“Kazi ya heshima,” alisema Shafii.

“Heshima gani ya kujaza gunia?”

Shafii hakujua. Alichukua gunia kwa sababu lilikuwa bure. Akalibeba begani kupitia avenyu nzima, akitoa jasho, akasalimia kila mtu, akaingia nalo ndani na kulisukuma mpaka chumbani kwa Aicha. Kesho yake akarudi kuchukua la pili, kwa kuwa la kwanza lilimpa sura ya mtu anayefanya kazi.

Kazi aliifanya, lazima isemwe. Alilichonga tundu likawa mraba safi. Alipachika vijiti viwili kwa ndani ili kiraka kipate pa kuegemea. Mara nyingi, kabla ya kuziba, aliingiza mkono ndani ya mlango mpaka kwapani, akafumba macho, akapapasa chini huko kwa muda mrefu, akautoa mtupu. Aliingiza pia waya uliopindwa ncha. Hizo zilikuwa sababu za kiufundi.

“Unatafuta nini mule?” aliuliza Aicha, aliyekuwa ameketi kitandani akimtazama.

“Napima unyevu, yaya,” alimjibu dada yake mkubwa.

“Unyevu?”

“Mbao inakunywa maji. Mutu asipopima, kiraka kinatoka.”

Aicha alisema polepole, “Shafii, aksanti. Kweli. Mi sikuwaza kama ungeweza kunifanyia bile.”

Shafii aliutoa mkono ndani ya mlango, akasema si neno, akaenda uani kunywa maji vikombe vitatu.

Alhamisi kiraka kiliingia, kikakaa sawasawa. Nyufa za pembeni alizijaza kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akasugua kwa msasa mpaka kiganja kikipita hakishtuki. Ikabaki rangi, na hapo ndipo shida ilipoanza. Milango ya kampuni ilikuwa ya kijani cha namna yake, kijani kizito kidogo, na kampuni ilipokufa ilikufa na rangi yake. Wauzaji wa rangi walimwonyesha kijani cha bendera, kijani cha chupa, kijani cha duka la dawa. Hakuna kilichofanana.

Shafii alirudi nyumbani akaketi kizingitini, na mguu wake ukakutana na jiwe. Lilikuwa jiwe la malakiti, la madini ya shaba, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Kila nyumba ya Kolwezi ina moja kama hilo, la kuzuia mlango usipigwe na upepo, na hakuna anayelitazama. Shafii alilitazama. Lilikuwa kijani kizito kidogo.

Alikiomba kinu cha kutwangia sombe, yaani kisamvu, kile chenye ufa ambacho mama alikuwa amesema hakihami. Akakiingiza chumbani kwa Aicha ili vumbi lisipeperushwe na upepo, akafunga dirisha, akafunga mlango, akafunga kitambaa puani, akaanza kutwanga. Alitwanga Alhamisi mchana. Alitwanga Ijumaa asubuhi. Kila baada ya muda alitoka nje kukung'uta kitambaa, na vumbi la kijani likaanguka kizingitini. Unga ule alioupata aliuchuja kwa soksi, akauchanganya na rangi nyeupe iliyobaki kwenye kopo, akapaka, akangoja, akapaka tena.

Ijumaa jioni baba alirudi, akasimama mbele ya mlango. Alitafuta kiraka kwa macho, asikione. Akatafuta kwa kidole, asikipate.

“Nani alikufundisha?”

“Hakuna, baba. Ni mapenzi ya dada.”

Baba alimshika bega, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Shafii alipopasi mtihani wa darasa la sita. Aicha alianza kupanga nguo zake kwenye begi. Shafii alilala mapema, na alilala vibaya.

Kila mtu alikuwa ametosheka, isipokuwa tata Stany. Yeye alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mnunuzi wa madini, mwenye mzani, masikio makubwa na nia njema. Kwa siku mbili alikuwa amesikia twi, twi, twi kutoka chumba kilichofungwa dirisha mchana kweupe. Aliona magunia yakiingia. Aliona kijana akitoka na kitambaa puani kama wanaume wa shimoni. Kisha Ijumaa akaona kizingiti ni cha kijani.

Katika mji mwingine mtu angesema wanatwanga sombe. Kolwezi si mji mwingine. Kolwezi watu wanajua nyumba ambayo mpangaji alilipa vizuri mwaka mzima, akasalimia vizuri, akahama vizuri, na mwenye nyumba alipoingia chumbani akakuta shimo la mita kumi na tano lenye ngazi. Wachimbaji wa mkono, bakrezeri kama wanavyoitwa, wanaweza kuufuata mshipa wa madini chini ya kitanda cha mtu akiwa amelala juu yake. Stany alichukua simu.

“Mama Mbelu,” alisema, “sitaki kuharibisha jina la mutu. Lakini nyumba yako, nafikiri banaikreuza, banachimba chini.”

Jumamosi saa tatu asubuhi mama Mbelu alifika. Hakuja peke yake. Alikuja na tata Mukuna, shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa mzima, aliyevaa koti licha ya joto, na Stany, aliyebeba sururu begani.

“Jambo, tata Kasimu.”

“Jambo sana, mama. Karibu. Tata Mukuna, karibu. Stany, hiyo sururu ni ya nini?”

“Ya kusaidia tu,” alisema Stany.

“Kusaidia nini?”

Mama Mbelu alimkatiza. Hakuwa na sauti ya ugomvi. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hakulala. “Tata Kasimu, miaka tisa sijakuuliza kitu. Leo nakuuliza. Chumba cha binti, niko naweza kuangalia chini?”

“Chini?”

“Simenti.”

Kasimu alielewa, na uso wake ukabadilika. Mtu aliyetoa neno lake mbele ya mwanamke huyu alikuwa anaulizwa, mbele ya shefu wa avenyu, kama amemchimbia nyumba. Alifungua mlango wa kijani kwa mkono wake, akasimama kando.

Waliingia wote. Walisogeza kitanda. Walisogeza begi la Aicha, lililokuwa limefungwa tayari, na Aicha mwenyewe, aliyekuwa amevaa tayari. Saruji ilikuwa nyekundu, ya kung'arishwa, nzima kama yai. Mukuna alipiga kisigino hapa na pale. Stany alikagua magunia, akatia mkono, akatoa unga wa mbao, akaunusa.

“Ni mbao,” alisema, kwa huzuni kidogo.

“Na ile kijani ku mulango wa inje?” aliuliza Mukuna.

Shafii akaeleza: jiwe, kinu, soksi, kopo la rangi. Alieleza kwa kirefu. Mama Mbelu alisikiliza, akaujia mlango, akaupapasa, akaugonga kwa kifundo cha kidole kama alivyofanya miaka tisa iliyopita. Akagonga tena. Kisha akageuka, na macho yake yalikuwa na aibu.

“Tata Kasimu, unisamehe. Hata kampuni haikupaka muzuri bile. Na huyu mutoto, Mungu amubariki.”

“Hakuna neno, mama,” alisema Kasimu, na mabega yake yakashuka.

Saa ilikuwa nne na nusu. Aicha alichukua begi lake. Shafii aliinamisha kichwa kidogo, kama watu wanavyofanya wanapopewa medali.

Ndipo sauti ilipotoka.

“Aichaaa…” Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, iliyofifia, kama inayopita kwenye udongo. “Aichaaa… niko huku chini… giza iko mingi… nitoe, Aicha…”

Sauti ikarudia maneno yale yale, ikakatika.

Mukuna akajitupa chini na koti lake, akabandika sikio kwenye saruji. “Mutu eko chini!”

“Nilisema!” alipiga kelele Stany. “Banaingilia kwa mwingine! Parseli, kiwanja ya nyuma! Shimo inapita chini ya ukuta!”

“Aicha,” alisema baba. “Ni nani huyu?”

“Baba, simujue!”

“Yeye anakujua,” alisema Stany.

“Haki ya Mungu, baba, simujue! Sijawahi kusikia ile sauti!” Begi lilimwanguka. Mama yake alikuwa amefika mlangoni, mikono imejaa magazeti, akimtazama binti yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Mwanamume aliyefichwa chini ya chumba cha msichana, anayeita jina lake: jambo kama hilo lingefika Likasi kabla ya basi, na hakuna bibi harusi ambaye angeruhusiwa kushikwa mkono na msichana huyo.

Shafii alikuwa amesimama. Alisogea kidogo kuelekea mlango.

“Aichaaa…” ilianza tena. “Niko huku chini…”

“Stany, piga,” alisema Mukuna kutoka sakafuni. “Piga hapa.”

“Simenti ya watu,” alisema Kasimu, bila nguvu.

“Tata Kasimu, simenti inarudi. Mutu harudi.”

Hapo kila mmoja mle chumbani alikuwa na jina la mtu wake kichwani. Kolwezi hakuna asiyemjua mtu aliyeshuka shimoni asubuhi na hakupanda jioni. Mama Mbelu hakusema lolote juu ya sakafu yake. Alipiga magoti, polepole, kwa sababu magoti yake yalikuwa mabovu, akaweka kiganja juu ya saruji nyekundu, akainama mpaka rozari ikagusa chini.

“Mwanangu,” aliiambia sakafu, “vumilia. Usilale. Tuko tunakuya.”

Stany aliinua sururu.

“Waheshimiwa,” alisema Shafii.

“Nyamaza, mutoto, tunasikiliza mutu,” alisema Mukuna.

“Waheshimiwa, kwa heshima yote, ningependa kuleta mbele yenu—”

“Shafii!” alisema baba.

Sururu ilikuwa juu kabisa. Shafii alijitupa katikati, akasimama mahali ambapo ingetua, na maneno yote makubwa ya shule ya kulala yakamtoka kichwani, likabaki moja.

“Hakuna mutu! Mama Mbelu, simama. Hakuna mutu chini. Ile sauti ni yangu.”

“Sauti yako iko namna gani chini?” aliuliza Mukuna.

“Haiko chini. Iko ndani ya mulango.”

Walimtazama. Kisha, kwa mara ya tatu, sauti ikaanza, na sasa kwa kuwa waliambiwa, wote waligeuza vichwa pamoja. Ilitoka kwenye mlango wa kijani, kona ya chini, upande wa bawaba.

Baba alichukua sururu mkononi mwa Stany. Hakuitumia. Alimpa Shafii.

“Fungua,” alisema.

Mlango uliotengenezwa kwa siku nne ulifunguliwa kwa mapigo mawili, chini kwenye kona. Pamoja na vumbi na utando wa buibui ikadondoka simu ndogo ya vitufe, ya tochi, imefungwa uzi, ikilia kwa sauti ya Shafii mwenyewe. Kasimu aliiokota na kubonyeza.

“Allô?” ilisema sauti ya kijana, kwa furaha. “Shafii! Ni Mwenze, niko Musonoi. Unisamehe, sikukuwa na unite za kupiga tangu Jumatatu. Leo njo nimepata. Alisikia? Aliogopa?”

Kasimu aliangalia chumba: mke wake na magazeti, binti yake juu ya begi, shefu wa avenyu na vumbi kwenye koti, mjane anayesaidiwa kusimama.

“Aliogopa,” alisema, akakata.

Hapa simulizi inabidi irudi nyuma kidogo, kwa sababu kule mwanzo kuna jambo lililosemwa ambalo si la kweli. Ilisemwa kwamba Shafii alitengeneza mlango ambao hakuuvunja. Msimulizi aliandika hivyo kwa kuwa ndivyo Shafii alivyokuwa akisema, na msimulizi na Shafii walikuwa wanaelewana sana.

Ilikuwa hivi. Shafii alijirekodi akiwa na mdomo ndani ya jagi, akaiweka sauti ile iwe mlio wa simu. Jumatatu, Aicha akiwa sokoni, alipasua ukingo wa juu wa mlango kwa kisu, akaishusha simu ndani kwa uzi. Mwenze, mwenzake wa shule, alikuwa apige simu ile alasiri, Aicha atakapokuwa amelala. Muda huo haukuwa umefika. Uzi ukamchomoka mkononi. Simu ikaanguka mpaka chini kabisa, na Shafii alipojaribu kuifuata kwa mpini wa ufagio, mpini ukatoboa mbao, kipande kizima kikatoka. Alikirudisha kile kipande mahali pake kwa mate na matumaini. Dakika kumi baadaye Aicha alirudi, akabishana na mama yake juu ya viatu, akafunga mlango. Ungefungwa hata na paka, kipande kingeanguka.

Na hakuweza kumwambia Mwenze aache, kwa sababu namba ya Mwenze ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa ndani ya mlango. Alijisemea kwamba betri itakufa. Alijisemea pia kwamba mlango ukipona, Aicha atapanda basi, na hakuna atakayekuwa amepoteza kitu. Hayo yalikuwa mapenzi yake ya dada.

Saa ilikuwa tano kasorobo. Baba alimgeukia mama.

“Asia, muite taxi-moto. Aicha, enda. Umusalimie Malaika. Na unisamehe, mwanangu, nilikuhukumu kwa kusikia mulango tu.”

Aicha alichukua begi na nguo yake ndani ya mfuko wa plastiki. Alipita mbele ya Shafii, akasimama.

“Ulikuwa unapima unyevu,” alisema.

“Yaya…”

“Nilikuambia aksanti.” Hakumpiga, ingawa Shafii alikuwa amekwisha kutayarisha shavu. Alitoka, na pikipiki ikasikika ikiondoka kuelekea kituo.

Stany alichukua sururu yake akaenda nyumbani bila kuaga. Mukuna alikung'uta koti. Alibaki mama Mbelu, ambaye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akiusugua mkono wake, ule aliouweka sakafuni.

“Mama,” alisema Kasimu, “nilikuambia nitakurudishia namna ulinipa. Sijakurudishia. Mi na bibi tutahama leo, lori iko nangoja. Huyu atabakia. Atalala hapa chini, ku simenti, atafanya mulango upya, mbao mupya, mpaka ugonge weye mwenyewe na useme sawa.”

“Na mule ndani?” aliuliza mama Mbelu.

“Mule ndani hapatakuwa kitu.”

Mama Mbelu alitikisa kichwa kukubali. Alimtazama Shafii kwa muda mrefu, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko hasira.

“Nilimuambia avumilie,” alisema. “Nilikuwa naongea na simu.”

“Ndiyo, mama.”

“Sasa baba yako amenieleza, na ile kijana wa Musonoi amenieleza. Weye bado. Nataka kusikia ku kinywa chako, na usinipambie. Mulango yangu ilivunjwa na nani?”

Shafii alikusanya pumzi, akatafuta namna nzuri ya kuanza. Alifikiria neno “inatangazwa.” Akaliacha.

“Ni mi, mama,” alisema Shafii.

Shafii ni mimi.